Kicheko Hakikufika

Msimu wa korosho, Nachingwea haina mtu asiye na haraka. Wenye magunia wanakimbilia ghalani, wenye maduka wanawakimbilia wenye magunia, na wasajili laini za simu ndio pekee wasiokimbia kokote, maana watu wanawafuata wenyewe chini ya miavuli yao. Siku hiyo, kwenye mwavuli mmoja karibu na stendi, foleni ilikuwa imejikunja mpaka kwenye meza ya muuza mitumba, na foleni yote imesimama kwa ajili ya kidole cha mwanamke mmoja.

"Dada, bonyeza tena," alisema wakala, kijana aliyeitwa Eustace.

"Nimebonyeza."

"Bonyeza vizuri."

"Kaka, nikibonyeza zaidi ya hapa mashine yako itapasuka, halafu unidai."

Mwanamke huyo aliitwa Goreti. Alivaa gauni la kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, limemkaa vizuri mpaka muuza mitumba alikuwa ameacha kuita wateja. Alikuwa mwalimu, mzaliwa wa Nachingwea mjini, ila tangu mwanzo wa mwaka alikuwa amepangiwa kijiji cha Mnero. Asubuhi alifundisha watoto, jioni alifundisha darasa la watu wazima kwenye ukumbi wa parokia. Uzuri alikuwa nao, elimu alikuwa nayo. Alama za vidole ndizo hakuwa nazo. Amebangua korosho na mama yake tangu utotoni, na yale mafuta ya maganda hayana huruma na ngozi ya mtu. Kidole gumba chake kilikuwa laini kama kijiko.

"Mwacheni dada wa watu," sauti ilisema kutoka nyuma. "Malaika huwa hawana alama."

Foleni ikacheka. Goreti akageuka, tayari na jibu la kumkata mtu, akakuta kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, ameshikilia paneli ya sola ubavuni, na anatabasamu kwa meno yote aliyopewa na Mungu. Lile jibu likamponyoka.

"Na wewe ni nani, msemaji wa malaika?"

"Kassian. Fundi sola, natokea Ruangwa. Sugua kidole puani."

"Nini?"

"Puani. Pua ina mafuta yake. Wachimbaji wa dhahabu wa Namungo vidole vyao vimeliwa na mawe, na wamesajili laini kwa msaada wa pua."

"Unanifanyia mzaha mbele za watu?"

"Nakufanyia, lakini sugua."

Goreti akaiangalia foleni, akaona macho ya watu waliokwisha kuchoka, akasugua kidole puani mbele ya umma wote wa Nachingwea. Akakibandika kwenye mashine. Mashine ikalia tii! Watu wakapiga makofi kama vile amefunga goli, na Goreti akacheka mpaka akashika meza.

"Namba yako hii hapa, dada, sikiliza vizuri," alisema Eustace, akaisoma kwa sauti ya mnadani ili kelele za stendi zisimshinde. Kassian hakuwa na kalamu, ila kichwa alikuwa nacho. Midomo yake ilikuwa ikicheza polepole, akiirudia ile namba moyoni.

Jambo moja tu hakulijua. Laini ile haikuwa ya Goreti. Ilikuwa ya simu janja ya darasa, waliyopewa na parokia ili watu wazima wa Mnero wajifunzie.

*

Jumatano jioni, ukumbi wa parokia ulijaa. Wanafunzi wengi walikuwa na simu zao za batani zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli, lakini hamu ya wote ilikuwa ile simu moja kubwa iliyolazwa juu ya meza kwenye kitambaa, kama mgonjwa. Somo la siku lilikuwa kupokea simu. Goreti aliweka spika ili darasa zima lisikie, akamwagiza mwalimu mwenzake ampigie baadaye kidogo, akamwita mbele Mzee Gabrieli, mkulima wa ufuta ambaye alikuwa na mikono mizito na moyo mwepesi.

Simu ikaita kabla ya wakati wake.

"Pangusa kwenda juu, mzee. Taratibu. Usiichune."

Mzee Gabrieli akapangusa.

"Halo," ilisema sauti tamu, ya chini. "Naongea na malaika?"

"Ndiyo," alijibu Mzee Gabrieli kwa heshima. "Gabrieli hapa."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mama mmoja alianguka kutoka kwenye benchi na hakuinuka haraka. Goreti akaikimbilia simu, akaikwapua, akazima spika.

"Wewe! Namba hii umeipata wapi?"

"Sikuiba, mwalimu. Ilitangazwa hadharani."

"Hii ni simu ya darasa! Kuna watu hapa wana wajukuu!"

"Basi nipe ya kwako, niwaache wazee wasome kwa amani."

Akampa. Alijiambia anampa ili darasa liendelee, na mimi siwezi kumwita mwongo mwalimu.

Lakini pale kwenye kona, karibu na dirisha, alikaa Bibi Brigita, mjane mwembamba mwenye khanga mbili na akili nne. Yeye hakucheka. Alikuwa amekaza shingo. Ile sauti aliijua tangu ilipokuwa ikililia uji. Ilikuwa sauti ya mjukuu wake, mtoto wa mwanawe Saturnini, aliyerithi jina la babu yake Kassian. Na kwa kuwa alirithi jina la babu, bibi alimwita mume wangu, naye akamwita bibi mke wangu, tangu kijana akiwa na meno ya maziwa hadi leo anafunga sola Ruangwa. Bibi alikuja kisomo kwa ajili yake. Zamani meseji zake alikuwa akisomewa na jirani, na jirani yule alikuwa na tabia ya kuongeza chumvi.

"Kumbe," alijisemea Bibi Brigita, akaficha tabasamu kwenye khanga. Akaamua kunyamaza. Alitaka aone kama mume wake atamwambia mwenyewe.

*

Mume hakumwambia. Siku zilienda, na simu za Kassian zilikuwa zikimkuta Goreti asubuhi akienda shule, mchana akisahihisha madaftari, jioni akichota maji.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula mihogo."

"Na nini?"

"Na hamu ya kukuona. Mbona huji Mnero?"

Hapo Kassian alikuwa akikohoa. Mnero! Tangu alipojua darasa liko wapi, jasho lilikuwa likimtoka. Alimpenda bibi yake kuliko mboni ya jicho, lakini alimjua. Ukimwambia Bibi Brigita jambo kabla ya misa ya kwanza, misa ya pili inalikuta limefika kwa mapadri. Alitaka kwanza awe na hakika na moyo wa Goreti, ndipo ampeleke kwa heshima zote. Hivyo akaficha huku na huku. Kwa bibi alikuwa na kazi nyingi, kwa Goreti alikuwa na kazi nyingi, na kweli alikuwa na kazi nyingi.

"Njoo wewe Ruangwa," alisema. "Jumapili kuna mpira. Nikupeleke uwanjani, nikununulie machungwa, nikuoneshe kwa watu."

"Kassian, nikuulize, na unijibu kama unajibu kanisani. Una mtu?"

"Sina."

"Huna mke? Huna mama watoto? Maana niliwahi kuchumbiwa Masasi. Nilishashona mpaka nguo. Siku moja akaja mwanamke na mtoto mgongoni, akanisalimia vizuri, akaniambia yeye ndiye mke. Mji wote ulikuwa unajua isipokuwa mimi." Sauti yake ikapungua. "Siwezi kupita pale mara ya pili. Nitakufa kwa aibu."

"Goreti wangu, sina mtu zaidi yako. Naapa."

Alisema kweli. Ila katika simu ile ile aliyokuwa akiapia, kulikuwa na namba aliyoihifadhi kwa jina la Mke Wangu, na wala hakuikumbuka, maana kwake jina lile halikuwa na mke ndani yake. Lilikuwa na bibi.

*

Huko darasani Bibi Brigita alikuwa amefikia kuandika meseji. Aliandika kama watu wa zamani wanavyoandika barua: salamu, hali ya hewa, mbuzi, salamu tena.

"MIMI BIBI YAKO BRIGITA MAMA SATURNINI WA MNERO," Goreti alisoma juu ya bega lake, akacheka kwa upole. "Bibi, simu si barua. Yeye jina lako linamtokea lenyewe hapo juu. Hayo ya mimi fulani wa mahali fulani yaache. Nenda moja kwa moja kwenye jambo."

"Nikate kichwa?"

"Kata kichwa, bibi."

"Mwalimu hodari wewe," alisema bibi, akafuta herufi moja moja.

Ijumaa, kabla ya kufunga darasa, Goreti akatangaza kwamba wikiendi hatakuwepo kwa wanaohitaji msaada. "Nakwenda Ruangwa," alisema, akijifanya anapanga chaki. "Kuangalia mpira."

"Mpira!" wanawake wakaitikia kwa pamoja, na mmoja akapiga kigelegele. Mzee Gabrieli akauliza kama mchezaji ni yule anayeongea na malaika.

Bibi Brigita alicheka na wenzake, lakini njiani kuelekea nyumbani kicheko kikamwisha. Kijana hajasema neno. Kila mwanamke wa darasa anajua, mke mwenyewe anafichwa. Ilimchoma kidogo, pale mahali ambapo uzee huchoma. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa furaha, akaona dawa ya mwiba ule ni utani. Bibi na mjukuu wana haki ya kutaniana, na mchumba wa mjukuu ni mke mwenza tangu dunia iumbwe. Akaketi barazani siku ya Jumapili, akatoa simu, akaandika jambo lake bila kichwa, huku akicheka peke yake mpaka kuku wakamshangaa.

*

Uwanja wa Ruangwa ulikuwa umewaka. Vuvuzela, ngoma, vumbi, harufu ya mahindi ya kuchoma. Goreti alivaa suruali ya jinzi na blauzi nyeupe, nywele amesuka mistari midogo, na Kassian alikuwa akimtambulisha kwa kila aliyepita.

"Huyu ni mwalimu Goreti. Mwangalie vizuri, halafu angalia mpira."

"Acha ushamba," Goreti alimfinya.

"Ushamba gani? Mtu akiokota dhahabu Namungo anaificha?"

Mapumziko yalikuwa yakikaribia. Kassian akasimama kwenda kutafuta machungwa, akamwachia simu yake. "Tupige picha nikirudi. Jipige na wewe kwanza, nipate ya kulalia."

Goreti akainua simu, akatengeneza tabasamu. Hapo juu ya uso wake mwenyewe, kwenye kioo, ikashuka meseji.

Mke Wangu, iliandika simu. Na chini yake: MUME WANGU NASIKIA UNA MWANAMKE. MIMI NIMEKULISHA MPAKA UMENENEPA LEO UNANIFICHA. CHAGUA MIMI AU YEYE.

Alisoma mara moja tu. Kelele za uwanja zikaenda mbali. Masasi nzima ikarudi, na yule mwanamke na mtoto mgongoni, na salamu zake nzuri. Kassian akarudi amekumbatia machungwa, akamkuta amesimama.

"Mkeo anakuita," Goreti alisema, akamkabidhi simu.

Kassian akasoma. Na Kassian, masikini wa Mungu, akacheka. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, kwa sababu alimwona bibi yake barazani na vituko vyake. Chungwa likamdondoka. Goreti aliona mwanaume anayemchekea machozi.

"Goreti! Subiri! Huyu ni bibi yangu!"

"Najua ni bibi yako! Nimesoma kwa macho yangu!"

Kiswahili nacho kina lawama yake. Bibi ni mama wa baba, na kwa wazee wetu bibi ni mke wa mtu. Ukiwa umeumizwa, unachagua ile inayouma zaidi.

"Hapana, bibi, bibi yangu wa Mnero, Goreti, yule—"

Wenyeji wakafunga goli. Uwanja wote ulisimama, watu wakakumbatiana, mtu asiyemjua akambeba Kassian juu juu. Alipotua chini, blauzi nyeupe haikuonekana. Goreti alipanda gari la kwanza lililoelekea Nachingwea, akakaa dirishani, na kabla hawajafika Matambarale alikuwa ameshambloku. Alijua namna ya kufanya. Ndilo somo alilofundisha wiki iliyotangulia.

*

Jumatatu alifundisha akiwa na macho yaliyovimba. Alisema ni vumbi la Ruangwa. Bibi Brigita alikaa kwenye kona yake akimsubiri kwa hamu, maana mke mwenza akitaniwa hujibu. Ndiyo raha yenyewe. Mwalimu hakumtazama hata mara moja. Bibi akarudi nyumbani amepooza. "Huyu msichana hana utani," alijisemea. "Mume wangu ameokota jiwe."

Kassian alikuwa akimtafuta bibi tangu Jumapili, lakini mawingu yalikuwa yametanda na simu ya bibi haikuwa na chaji. Fundi sola, na bibi yake hana umeme! Jumanne jua likatoka, simu ikawaka, na papo hapo ikaita.

"Mume wangu!"

"Bibi, umeniponza."

Hakusema mke wangu. Bibi Brigita akakaa chini taratibu. Akasimuliwa yote, uwanja, meseji, Masasi, machungwa. Alisikiliza bila kuingilia, jambo ambalo Mnero haijawahi kuliona.

"Lakini mbona nilikuwa natania!" alisema mwishoni. "Nilicheka wakati naandika. Nilicheka sana."

"Kicheko hakikufika, bibi. Yalifika maneno tu."

Bibi akaishika simu mbali na sikio, akaitazama. Maisha yake yote alikuwa ametukana wakwe, mapadri na wenyeviti wa kijiji, na hakuna aliyewahi kukasirika, kwa kuwa jicho lake lilikuwa likitangulia kucheka. Hakuna aliyemwambia kwamba jicho haliingii kwenye meseji.

"Na wewe kwa nini ulinificha?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Nilidhani nimezeeka, huniambii tena mambo yako."

"Nisamehe, mke wangu," alisema Kassian. "Niliogopa mdomo wako."

"Mdomo wangu una haki ya kuogopwa. Unampenda?"

"Nampenda, bibi. Sili."

"Basi kesho jioni uwe Mnero. Vaa shati lile jeupe. Kilichoharibiwa na maandishi nitakitengeneza kwa mdomo."

*

Jumatano Bibi Brigita alichelewa darasani, kwa makusudi. Wenzake walikuwa wameshafungua madaftari alipotokea mlangoni, na benchi zote zikageuka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu, kilemba kimesimama kama cha bibi harusi, wanja machoni, mkoba mkononi. Alitembea mpaka mbele ya ubao, akaweka mkono kiunoni.

"Mwalimu, leo sikuja kusoma. Nimekuja kudai mume wangu."

Goreti akaishusha chaki. "Bibi, mume gani? Si tulimwombea marehemu misa hapa hapa mwezi uliopita?"

"Huyo wa kwanza, Mungu amlaze pema. Mimi nina wa pili. Kijana, mrefu, anafunga sola. Umeniibia." Akafungua mkoba, akatoa simu yake ya batani, akaiweka mbali na macho, akaanza kusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa. "Mu-me wa-ngu. Na-si-kia u-na mwa-na-mke..."

Alisoma huku mabega yakitikisika. Kila neno alilipa jicho lake, nyusi zake na kiuno chake, na darasa likawa linagalagala. Alipofika kwenye 'mpaka umenenepa', Mzee Gabrieli alikuwa analia kwa kicheko. Goreti peke yake hakucheka. Alikuwa akiyajua maneno kabla hayajatoka. Akakaa kwenye benchi la mbele, kati ya wanafunzi wake.

"Bibi," alisema polepole. "Mke Wangu... ni wewe?"

"Kwani kuna mwingine? Kassian ni mtoto wa Saturnini wangu. Nimemlisha mimi. Muulize kama hajanenepa."

"Bibi yangu," Goreti alinong'ona, na sasa neno lile likaja kwake na mvi zake zote. "Alisema bibi yangu."

Akafunika uso kwa viganja. Wanafunzi hawakujua kama analia au anacheka, na ukweli alikuwa anafanya vyote viwili. Bibi Brigita akaacha utani. Akaketi karibu naye, kilemba kikaegemea nywele za msichana.

"Nimekuumiza, mwanangu. Sikujua habari za Masasi. Ningejua nisingeandika. Nilikuwa nakutania kwa kuwa nimekupenda, na mtu nisiyempenda simtanii."

"Na mimi ndiye niliyekukata kichwa," Goreti alisema, akafuta pua. "Ungeandika mimi bibi yako wa Mnero kama ulivyotaka, yote haya yasingetokea."

"Samahani, mwalimu," Mzee Gabrieli aliinua mkono. "Ulitufundisha, ukipata meseji una shaka nayo, usifanye lolote mpaka umpigie mwenyewe umsikie kwa sauti."

"Mzee Gabrieli, somo lile lilikuwa la matapeli."

"Na wake wenza hawamo?"

Goreti akacheka. Kilikuwa kile kicheko cha chini ya mwavuli wa Nachingwea, kizima, cha kushika meza. Alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nani?"

"Bibi, usinitanie tena. Mume wako."

"Mume!" Bibi Brigita akaita bila kugeuka. "Ingia, umesimama hapo kama jiwe la mpaka."

Kassian akaingia. Shati lilikuwa jeupe, uso ulikuwa na mashaka. Alipita katikati ya benchi, wanawake wakimgusa mkono, wakimwita shemeji, mpaka akasimama mbele ya Goreti.

"Umekaa nje tangu lini?" aliulizwa.

"Tangu bibi alipokuwa akikaza kilemba hapo nje. Goreti, nilikosea. Nilipaswa kukuleta kwake siku ya kwanza. Nilificha jambo lisilo na haja ya kufichwa, likafanana na dhambi."

"Na ulicheka."

"Nilicheka. Nisamehe. Nilikuwa namcheka bibi, na wewe ulikuwa unalia, na mimi sikukuangalia kwanza."

Hilo ndilo Goreti alilokuwa akilingoja, zaidi ya maelezo ya nani ni nani. "Nimekusamehe," alisema. "Na wewe unisamehe. Ulikuwa unaniambia ukweli kwa sauti kubwa, mimi nikaamini kioo."

"Nilikuandikia. Umenibloku."

"Uliandika nini?"

Kassian akatazama darasa, masikio yote yale. "Si ya kusomwa mbele za watu."

"Hapa ni darasa la kusoma kwa sauti," alisema mama mmoja, na wote wakaafiki.

Kassian akatoa simu, akaiangalia, akairudisha mfukoni. Akapiga goti kwenye sakafu yenye unga wa chaki, suruali yake ikaharibika papo hapo.

"Goreti, sitaki kukupigia tena simu kuuliza umekula nini. Nataka niwe ninaona. Nataka nije kwenu Nachingwea na wazee wangu, niseme kwa wazazi wako, tutangazwe kanisani Jumapili zote zinazotakiwa. Nataka unikubali niwe mume wako."

Goreti aligeuka kwa Bibi Brigita, akapiga magoti mbele yake jinsi binti anavyomsalimu mkubwa wake.

"Mke mkubwa," alisema, "kwako nyumbani kuna nafasi?"

Bibi Brigita hakuwa ametarajia. Midomo yake ikacheza, wanja ukaanza kushuka shavuni. Akamshika msichana kichwa kwa mikono miwili.

"Nafasi ipo, mke mdogo. Karibu. Ila ujue kabisa, mume wetu anakoroma tangu akiwa mtoto. Zamu zote za usiku nimekuachia wewe."

Benchi zilianguka. Mzee Gabrieli alitaka kupiga picha kwa simu ya darasa, akajipiga sikio lake. Goreti akainuka, akamgeukia Kassian aliyekuwa bado amepiga goti kwenye chaki, akasema ndiyo. Vigelegele vilikuwa vingi, Kassian hakusikia, ikabidi Goreti aseme tena.